Mguu wa Mashine Nyingine Utafaa Kwenye Mashine Yangu?

Barua nne kati ya zilizofika mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti. Mtu amevunja giaboksi ya chini ya mashine yake ya boti, ile sehemu yenye rafadha (propela) ambayo hapa tutaiita mguu, naye amepata mguu uliotoka kwenye mashine nyingine kwa bei nafuu. Nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine kwa sababu aliyeiandika bado hajalipa, na jibu likimfikia mapema litamwokolea fedha na pengine mashine yenyewe.

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina boti ya faiba ya mita tisa inayobeba samaki na barafu kati ya Songo Songo na Kilwa Masoko. Mashine yangu ni Yamaha Enduro 40 ya silinda mbili, shafti ndefu. Katika bamvua lililopita maji yalikuwa yametoka kuliko tulivyodhani, tukagonga mwamba. Pezi la chini limekatika na mguu umepasuka, oili yote ikamwagika. Muuzaji wa spea zilizotumika huko Dar es Salaam ana mguu mzima wa Yamaha 40 ya silinda tatu, rangi ileile, kwa bei isiyofika nusu ya mguu mpya. Anasema 40 ni 40. Fundi wangu ametumiwa picha na anaona matundu ya bolti yanaelekea kulingana. Je, ninunue?
Msomaji, Kilwa Masoko

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa msiba wa mwamba. Usilipe kwa kutegemea picha. Kama huwezi kwenda mwenyewe au kumtuma mtu mwenye rula na subira, uache mguu huo hapo ulipo.

Neno la muuzaji kwamba 40 ni 40 ndilo linalowaponza wengi. Namba iliyoandikwa kwenye kofia ya mashine inataja nguvu za farasi, haitaji umbo la mguu. Enduro yako ya silinda mbili ina ujazo wa sentimita za ujazo 703, na ile ya silinda tatu ina 698. Ukizitazama namba hizo unaweza kudhani ni ndugu wa tumbo moja, ilhali kila moja ilichorwa peke yake. Ndani ya mguu wako gia kubwa ina meno 26 na ile ndogo ya juu, pinioni, ina meno 13, yaani mashine huzunguka mara mbili kamili ili rafadha izunguke mara moja. Ndani ya mguu wa silinda tatu gia kubwa ina meno 24 kwa pinioni ya meno 13, na hapo uwiano ni 1.85. Kwa hiyo hata kama mguu huo ungeingia na kukaa vizuri, boti yako isingekwenda kama ilivyozoea.

Lakini uwiano si jambo la kwanza. La kwanza ni shafti iliyosimama, ile inayotoka juu ya mguu na kwenda kuingia kwenye shafti ya kranki ndani ya kichwa cha mashine. Uweke mguu wako uliovunjika kando ya huo unaouzwa, vyote viwili vikiwa vimesimama wima. Laza rula juu ya uso wa bapa ambapo mguu hukutana na shina la mashine, kisha pima kutoka uso huo hadi ncha ya shafti. Vipimo viwili vilingane kwa milimita. Baada ya hapo hesabu meno yaliyochongwa kwenye ncha ya shafti, upime na unene wake, kwa sababu shafti yenye meno kumi na tatu haiingii kwenye tundu la meno kumi na moja hata ukiibembeleza kwa nyundo, na wapo waliojaribu.

Kwa nini nasisitiza milimita? Miaka kadhaa iliyopita niliitwa ufukweni kutazama mashine ya 25 iliyogoma siku moja tu baada ya kubadilishiwa mguu. Niliishika flaiwili, lile gurudumu zito lililo juu ya kranki, kwa mikono miwili, haikusogea hata kidogo. Nikaanza kulegeza bolti za mguu, nusu mzunguko kila moja, nikizungukia zote kwa zamu, na kila nilipolegeza mguu ulijishusha wenyewe, kama kitu kilichokuwa kimebanwa pumzi. Lilipofunguka pengo la unene wa sarafu mbili kati ya mguu na shina, flaiwili ikazunguka. Shafti ya mguu ule wa kigeni ilikuwa ndefu kwa kiasi hicho tu. Aliyeufunga aliona pengo halizibiki, akadhani ni ukaidi wa gasketi, akaendelea kukaza. Bolti zikaivuta shafti juu, shafti ikaisukuma kranki, na beringi za kichwa zikaungua katika safari ya kwanza. Mwenye mashine alinunua mguu wa bei nafuu akaishia kununua kichwa kizima.

Shika basi kanuni hii, ambayo haina ubaguzi: pengo la mwisho kati ya mguu na shina lizibike kwa kusukuma kwa mkono, si kwa kukaza bolti. Likibaki wazi, ushushe mguu utafute sababu. Huenda meno ya shafti hayajakutana, na hapo mwenzako aigeuze flaiwili taratibu kufuata mwelekeo wa saa, huku plagi zikiwa zimetolewa, mpaka uyasikie yameingia. Huenda pia mtu ameipaka ncha ya shafti grisi nyingi. Grisi ipakwe ubavuni mwa meno. Ikilundikwa juu ya ncha hubanwa ndani ya tundu la kranki isiwe na pa kutokea, ikasukuma sawasawa na shafti iliyozidi urefu.

Shafti fupi ni mbaya kwa namna ya kimyakimya. Mguu huingia bila shida, mashine huwaka, boti huenda, na mwenye mali hufurahi. Kumbe meno yameshikana kwa ncha zake tu. Baada ya wiki au mwezi huanza kulika, na yanayolika si ya shafti peke yake, bali hata yale yaliyo ndani ya kranki. Wewe unayo shafti ndefu, ya kutundikwa kwenye tezi ya inchi 20, hivyo ukiuziwa mguu wa mashine ya shafti fupi, ya inchi 15, tofauti yake ni inchi tano nzima, na hiyo utaiona kwa macho. Hatari ipo kwenye tofauti ndogo ambazo macho hayazioni.

Ukiridhika na shafti, tazama bomba la maji. Pampu ya maji iko juu ya mguu, na maji yake hupanda kwa bomba jembamba linaloingia kwenye mpira ulio juu ya nyumba ya pampu. Bomba la mashine yako lazima liangukie katikati ya mpira huo. Likipishana kidogo litakunja ukingo wa mpira, maji yatavuja njiani, na yale yatakayofika kichwani hayatatosha. Mashine itachirizisha maji nje kama kawaida, ukadhani imepona, lakini mwendo ukiwa mkubwa itapata joto. Angalia pia ukubwa wa pampu yenyewe, kwa maana mguu uliotengenezwa kupoza mashine ndogo hauwezi kuipoza kubwa.

Kisha fimbo ya gia. Katika baadhi ya mashine fimbo hii hupanda na kushuka, katika nyingine huzunguka, na aina mbili hizi haziunganiki. Hata zikiwa za aina moja urefu hutofautiana, na fimbo iliyopungua kidogo huifanya klachi ya ndani ishike gia kwa kona zake tu. Utasikia mlio wa kugonga unapokwenda mbele kwa mzigo, na kona hizo zitamong'onyoka kabla hujafika mbali. Mwisho kabisa ndipo tunafika kwenye matundu ya bolti na vile vijiti viwili vya kuelekeza, ambavyo fundi wako ameanza navyo. Simlaumu, kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana kwenye picha.

Uwiano wa gia unaweza kuuhakiki hapohapo dukani bila kufungua chochote. Mwaga maji ya sabuni kidogo kwenye pampu ili impela, lile gurudumu la mpira lililo ndani yake, isikauke, ingiza gia ya mbele, chora alama ya chaki kwenye shafti ya rafadha na nyingine kwenye shafti iliyosimama. Zungusha shafti iliyosimama kufuata mwelekeo wa saa ukiitazama kutoka juu, wala usiirudishe nyuma, kwa sababu mabawa ya impela yamelala upande mmoja na ukiyakunja kinyume yatakatika. Hesabu mizunguko mpaka shafti ya rafadha itimize kumi. Mguu kama wako utahitaji mizunguko 20 kamili, na wa 1.85 utahitaji 18 na karibu nusu. Ukifika 23 na kidogo, huo ni mguu wa 2.33, uliotengenezwa kwa mashine za kusukuma mizigo mizito kama Yamaha T60, wakati F60 ya kawaida yenye nguvu ileile ina 1.85. Unaona tena jinsi namba ya kofia isivyotosha.

Tuseme mguu wa 1.85 umepita vipimo vyote na ukaufunga. Mashine ikizunguka mara 5000 kwa dakika, rafadha iliyokuwa ikizunguka mara 2500 sasa itazunguka mara 2700 hivi. Kwa boti tupu huenda ukafurahia. Kwa boti yenye barafu na samaki ni sawa na mtu aliyeongezewa gunia mgongoni: rafadha yako, tuseme ni ya hatua ya inchi 13 (hatua ni umbali ambao rafadha ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja), itakuwa kama ya inchi 14, mashine itashindwa kupanda, na utapoteza takriban mizunguko 200. Mashine ya stroki mbili ikikandamizwa namna hiyo kila siku, huku umeifungulia mafuta yote, hupata joto na huunguza pistoni. Dawa yake ni rafadha ya hatua ndogo zaidi, inchi 12, kisha upime kwa tachometa, kipimo cha mizunguko ya mashine, boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida. Enduro yako inatakiwa ifike kati ya mizunguko 4500 na 5500 ukiwa umefungua mafuta yote, na kwa boti ya mizigo napenda ikaribie 5500 kuliko 4500.

Ushauri wangu kwako ni huu. Tafuta mguu uliotoka kwenye Enduro 40 ya silinda mbili. Spea za Yamaha zina namba ndefu, na herufi tatu za mwanzo hutaja familia ya mashine. Za mashine yako huanza na 66T. Muuzaji anayejua kazi atakuelewa ukimtajia hivyo kuliko ukimtajia rangi na nguvu. Wakati unatafuta, usitupe mguu uliovunjika, kwa kuwa shafti yake, gia zake na hata rafadha vinaweza kuwa vizima. Unaweza kununua gamba tupu na kuhamishia matumbo yako ndani yake, ila kazi hiyo apewe fundi anayejua kupanga shimu, vile vibati vyembamba vinavyoweka nafasi kati ya gia. Magamba ya Yamaha yamegongwa alama za F, R na P zenye namba pembeni, pale kinapofungwa kile kipande kidogo kilicho juu ya rafadha, na namba hizo ndizo zinazoonyesha unene wa shimu kwa gamba hilo hasa. Shimu za gamba la zamani hazihamishwi kwa kukisia. Gia zikikaribiana mno hulia na kuungua, zikiachana mno huvunjika meno.

Ama kuchomelea, pezi lililokatika peke yake linachomeleka kwa fundi wa alumini mwenye mashine ya gesi ya agoni. Ufa ulioingia chumba cha gia siushauri, maana joto la kuchomelea hupinda nyumba za beringi, na kwa maelezo yako ya oili iliyomwagika, ufa wako umefika huko.

SWALI: Ndugu fundi, habari za kazi. Mimi navua dagaa Ukerewe kwa Yamaha 15 ya stroki mbili. Gia ziliisha, nikafunga mguu wa Yamaha 9.9 ya mwenzangu aliyeiuza kichwa. Inakwenda vizuri kabisa, lakini baada ya wiki moja nimefungua oili nikakuta imekuwa nyeupe kama maziwa. Je, ni kwa sababu mguu si wa mashine yangu?
Mvuvi, Ukerewe

JIBU: Habari ni njema, ndugu. Mguu hauna kosa. Kama 9.9 na 15 hizo ni za familia moja, na kwa maelezo yako ni hivyo, basi ni mashine moja yenye ujazo uleule wa sentimita za ujazo 246, iliyopunguzwa nguvu kwenye njia ya hewa na mafuta. Mguu ni uleule, gia ni zilezile za meno 27 kwa 13. Huu ndio ubadilishanaji ninaoukubali bila wasiwasi, mradi urefu wa shafti umelingana.

Oili nyeupe ni maji yaliyochanganyika na oili, nayo yameingia kwa njia ya sili, ile pete ya mpira inayozuia maji kupita kando ya shafti. Kabla hujafungua kingine, toa rafadha utazame nyuma yake. Kwa mvuvi wa dagaa nina hakika ya karibu kabisa utakachokikuta: uzi wa nailoni uliojisokota kuzunguka shafti, wakati mwingine umebanwa mpaka umekuwa pete ngumu inayong'aa kama plastiki. Pete hiyo huingia chini ya mdomo wa sili na kuukata. Uikate kwa kisu kidogo bila kuikwaruza shafti, kisha pitisha ukucha mahali sili inapokaa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya peke yake haitasaidia, kwa kuwa italikwa na mfereji huohuo.

Ukishabadilisha sili, pima mguu kwa hewa kabla ya kutia oili. Funga skrubu ya chini, unganisha pampu ya mkono yenye geji kwenye tundu la juu, jaza hewa hadi kilopaskali 100, yaani paundi 14 hivi, wala usizidishe, maana hewa nyingi huzisukuma sili zitoke mahali pake. Sindano ya geji isimame bila kushuka kwa sekunde kumi angalau. Ikishuka, zamisha mguu kwenye pipa la maji na mapovu yatakuonyesha mahali. Zungusha shafti zote mbili wakati wa kupima, kwa sababu sili huweza kushika ikiwa imetulia na kuvuja ikizunguka. Mapovu yakitokea juu, kasoro iko kwenye sili za shafti iliyosimama, chini ya pampu ya maji, ambazo mafundi wengi huzisahau.

Oili mpya itiwe kutoka tundu la chini mpaka itokeze juu, kisha funga skrubu ya juu kwanza ndipo uondoe pampu ya oili chini na kuziba haraka. Ukitia kutoka juu utafungia hewa ndani na kuacha gia na oili nusu. Washa za skrubu hizo, yaani pete zake za kuzibia, ziwe mpya. Zile ndogo, zinazodharaulika, ndizo zinazoingiza maji kwa walio wengi.

SWALI: Assalamu alaykum, fundi. Nina Johnson 25 ya zamani, silinda mbili, niliyorithi kwa baba. Nimepata mguu wa Evinrude 25. Wazee hapa Lamu wananiambia Johnson na Evinrude ni kitu kimoja. Ni kweli?
Msomaji, Lamu

JIBU: Waalaykumu salaam. Wazee wamesema kweli, ila mwaka nao unahesabika. Johnson na Evinrude zilitengenezwa na kampuni moja ya Marekani, OMC, mpaka ilipofilisika mwishoni mwa mwaka 2000, na kwa miaka mingi tofauti yake ilikuwa rangi na kofia. Mguu wa Evinrude 25 wa mwaka mmoja na Johnson 25 yako, wenye shafti ya urefu uleule, utakaa kama wake. Kinachoharibu ni kwamba katika miaka ya 1990 kampuni hiyo ilitoa pia 25 ya silinda tatu, na mguu wa hiyo usiuhesabu kuwa wa mashine yako.

Mwaka unausoma kwenye kibati cha namba ya modeli kilicho kwenye bano la kutundikia. Kuanzia mwaka 1980 OMC iliuficha mwaka katika neno la Kiingereza INTRODUCES, ambalo kila herufi yake inasimamia tarakimu: I ni 1, N ni 2, T ni 3, R ni 4, O ni 5, D ni 6, U ni 7, C ni 8, E ni 9 na S ni 0. Herufi mbili zilizo kabla ya ile ya mwisho ndizo mwaka, hivyo CU ni 1987 na EN ni 1992. Mwombe muuzaji akuonyeshe kibati cha mashine ulikotoka mguu huo. Kama hana, rudi kwenye rula na chaki kama nilivyomweleza mwenzako wa Kilwa. Na kwa kuwa mashine yako ina umri mkubwa, badilisha impela na mpira wa bomba la maji siku hiyohiyo, hata kama vilivyokuja na mguu vinaonekana vizima.

Mashine ya urithi inastahili pia jambo moja zaidi. Bolti za mguu ni za chuma kisichoshika kutu na gamba ni la alumini, na chumvi ikikaa katikati yake huzishikanisha mpaka zikatike ukizilazimisha. Zipake grisi ya baharini kabla ya kuzirudisha, na hakikisha kipande cha zinki bado kipo na hakijapakwa rangi, kwa kuwa zinki iliyopakwa rangi hailindi chochote.

SWALI: Shikamoo, fundi. Boti yetu ya abiria hapa Pemba ina mashine mbili za 200, ya kulia rafadha yake huzunguka kulia na ya kushoto huzunguka kushoto. Mguu wa kushoto umeharibika. Tumepata mguu wa kawaida wa mashine ya namna ileile, unaozunguka kulia. Fundi mmoja anasema tuufunge hapo kushoto, tuache rafadha ya kushoto, na kebo ya gia tuigeuze ili gia ya rivasi iwe ndiyo ya kwenda mbele. Inawezekana?
Nahodha, Wete

JIBU: Marahaba, nahodha. Boti itakwenda, na ndiyo maana ushauri huo ni wa hatari. Rafadha inaposukuma maji, msukumo wote wa kuipeleka boti hupita kwenye shafti yake na kupokewa na beringi iliyo upande wa gia ya mbele, ambayo ilitengenezwa kubeba mzigo huo kwa saa nyingi mfululizo. Gia ya rivasi na beringi yake zilitengenezwa kwa kurudi nyuma gatini kwa dakika chache. Ukizibebesha safari ya mkondo mzima zitachoka zikiwa njiani, na mguu ukijifunga katikati ya bahari huku una abiria, mashine moja iliyobaki ndiyo itakayowabeba nyote. Mguu halisi wa kuzunguka kushoto umepangwa ndani kwa namna nyingine, beringi zake zikiwa zimehamishwa upande unaostahili.

Mkilazimika kuutumia mguu huo mpaka wa kushoto upatikane, ufungeni kama mguu wa kawaida, na rafadha ya kawaida ya kuzunguka kulia yenye kipenyo na hatua sawa na ya mwenzake, gia ya mbele ikiwa ndiyo ya mbele. Kabla ya kuufunga hakikisheni kwa chaki kwamba uwiano wake ni sawasawa na wa mguu wa kulia, maana mashine mbili zenye uwiano tofauti hazitavuta pamoja. Rafadha zote mbili zikizunguka upande mmoja usukani utavuta, nawe utauhisi mkononi. Vile vipande vidogo vilivyo juu ya rafadha vitasaidia kuupunguza vikigeuzwa kidogo kidogo. Rafadha ya kushoto itoeni muiweke ghalani na alama yake ya L ikionekana, ili asije mtu akaifunga kwenye shafti isiyo yake. Jaribio la kwanza la gia mlifanye mkiwa mmefungwa gatini kwa kamba za mbele na za nyuma, bila abiria, mtu mmoja akiwa tezini anatazama maji yanasukumwa upande gani.